Kumihimo: kusuka kamba ya Kijapani kwa ndala kuukuu na kufuli

Neno lenyewe linaweza kumchekesha Mtanzania. Kumi tunaijua, na Himo ni mji unaopita ukitoka Moshi kwenda mpaka wa Holili. Lakini kumihimo ni Kijapani: "kumi" imetokana na kitenzi cha kukutanisha na kupishanisha, na "himo" ni kamba. Nyuzi zimepishanishwa, zikawa kamba. Hesabu ya kumi haimo humo; kamba tutakayosuka hapa ina nyuzi nane. Tena irabu za Kijapani ni zile zile tano zetu, kwa hiyo majina yote utakayokutana nayo yasome kama yalivyoandikwa, hutakosea sana.

Nimekulia pwani ya Tanga kwa bibi aliyekuwa akisuka ukili kila alasiri, miyaa imelowekwa kwenye beseni, vidole vinakwenda na macho yako kwa wapita njia. Kwa hiyo nilijiona najua kusuka. Mara ya kwanza niliposhika sahani ya kumihimo, yaani duara lenye mikato pembeni ya kushika nyuzi na tundu katikati, nilitoa kitu kama mkia wa panya uliokanyagwa: hapa kinene, pale chembamba, katikati kimepinda. Nikampelekea bibi. Akakigeuzageuza, akanirudishia.

"Mume wangu, hiki umekisuka au umekikamua?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa navuta kila uzi kwa nguvu kila nilipouhamisha, nikidhani ndivyo kamba inavyokazwa. Ukili hukazwa na vidole, sawa. Kumihimo inataka vidole vyepesi. Kazi ya kukaza ni ya uzito unaoning'inia chini ya kamba. Jambo hilo lilinichukua wiki nzima kulielewa. Ukilishika mapema, mengine yote ni kuhamisha nyuzi tu.

Ilikotoka

Ufundi huu ulifika Japani kutoka China na Korea, pamoja na dini ya Kibudha. Katika hazina ya Shosoin mjini Nara bado zimehifadhiwa kamba na mishipi iliyosukwa ya karne ya 8. Baadaye samurai wakawa wateja wakubwa: vipande vya deraya zao vilishikanishwa kwa kamba za namna hii, mamia ya mita kwa vazi moja, na ala ya upanga ilikuwa na kamba yake iitwayo sageo. Mwaka 1876 serikali ikapiga marufuku kubeba panga hadharani. Soko la kamba za panga likafa, na wasukaji wakahamia kwenye mavazi, hasa obijime, yaani kamba inayofungwa juu ya mkanda mpana wa kimono ili usifumuke. Hadi leo obijime ndiyo inayowapa riziki mafundi wengi. Mji wa Iga, mkoani Mie, unajulikana Japani nzima kwa kamba hizi.

Fundi wa kweli hasukii kwenye sahani. Anasukia kwenye marudai, kigoda cha mbao chenye kichwa cha mviringo, tundu katikati na miguu minne. Nyuzi hulala juu ya kichwa hicho na kuning'inia pembeni, kila moja ikiwa imezungushiwa bobini nzito ya mbao inayoitwa tama, na kamba inashuka kupitia tunduni. Nitarudi kwenye marudai mwishoni. Mwanafunzi aanze na sahani: ni nyepesi, unaisukia kwenye daladala, na ukiitwa jikoni unaiweka mezani na kila uzi unabaki mahali pake.

Sahani ya ndala

Sahani za dukani ni za povu gumu, upana wa sentimita 15 hivi, zina mikato 32 pembeni na tundu katikati. Huku kwetu si rahisi kuzipata, na kuagiza kutoka nje kunagharimu kuliko kitu chenyewe kinavyostahili. Nimejaribu boksi, nimejaribu povu jeupe linalofungiwa televisheni, nimejaribu kifuniko cha ndoo. Boksi linafaa kwa siku mbili kisha mikato inalegea. Lile povu jeupe linamomonyoka na kuacha vipunje kwenye uzi, usilisogelee. Plastiki ya kifuniko haishiki uzi kabisa. Kilichoshinda vyote ni soli ya ndala. Mpira ule mwepesi unabana uzi, unauachia ukiuvuta, na kesho yake mkato umejirudi.

Tafuta ndala ya mtu mzima, namba kubwa, yenye soli ya unene wa sentimita 1.5. Iliyokwisha kisigino si neno, maana tunachohitaji ni pale kwenye nyama za mguu nyuma ya vidole, ambapo soli ni pana kuliko kwingine kote. Isugue kwa sabuni na brashi, ianike kivulini. Ng'oa mikanda. Sasa chora duara la upana wa sentimita 10. Kama huna bikari, kisahani kidogo cha kikombe kitakutosha. Lile tundu la mkanda wa kidole litaangukia ndani ya duara, kati ya katikati na ukingo. Liache hapo, halina madhara. Ila lisiguse ukingo, maana litakula mkato mmoja. Ukiona linakaribia, sogeza duara nyuma kidogo.

Ili kupata mikato 32 iliyo sawa huhitaji hesabu. Kata karatasi ya duara lenye upana ule ule, ikunje nusu mara tano. Mara ya tano karatasi inakuwa nene na inakataa, hivyo unaweza kuishia mara nne, upate mistari 16, kisha ugawe kila nafasi katikati kwa jicho. Bandika karatasi juu ya mpira, weka alama za kalamu ukingoni.

Kwa kukata tumia wembe mpya au kisu cha kukatia zulia. Kila mkato uingie sentimita 1 tu, na usitoe kipande: pasua, basi. Ukichonga mfereji, uzi utacheza ndani yake na hautashikwa. Katikati toboa tundu la upana wa sentimita 2.5. Mpira ulale juu ya ubao, si juu ya paja lako. Najua mtu mwenye kovu.

Mwisho, andika namba 1 hadi 32 kuzunguka kama saa inavyokwenda, na uweke nukta kubwa nne: kati ya 32 na 1, kati ya 8 na 9, kati ya 16 na 17, kati ya 24 na 25. Hizo ndizo pande zako nne. Kuanzia sasa upande wa nukta ya 32 na 1 tutauita juu, yaani mbali na kifua chako. Wa 16 na 17 ni chini.

Uzi

Kwa kamba ya kwanza ninapendekeza kamba ya satini ya milimita 2, ile inayong'aa, inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya mafundi cherehani. Dar es Salaam nenda Kariakoo, Mombasa nenda Barabara ya Biashara. Haivutiki, haina manyoya, na kosa linaonekana papo hapo. Uzi wa kufumia sweta ni rahisi zaidi kwenye mfuko, na pia unasamehe: una manyoya, unaficha makosa. Kwa sababu hiyo hiyo simpi mtu anayejifunza. Utasuka kamba nzima ukidhani umefaulu.

Uzi wa kusukia nywele unafaa ukiunganisha nyuzi sita au nane kuwa kitu kimoja, kisha hicho ndicho kikahesabiwa kuwa uzi mmoja. Huo si ubahili. Hata hariri ya obijime inafanywa hivyo hivyo, nyuzi nyembamba nyingi zikikusanywa kwenye tama moja. Shida ya uzi wa nywele ni weusi wake. Usiku huoni unachofanya.

Chagua rangi mbili zinazogombana. Nyekundu na nyeupe, au bluu na njano. Usianze na rangi moja.

Kwa msuko tutakaoufanya, kata uzi mara tatu ya urefu wa kamba unayotaka, kisha ongeza sentimita 20 za kufunga na kuharibu. Bangili ya sentimita 18: mara tatu ni 54, ongeza 20, unapata 74, fanya 75. Kwa kuwa tunakunja kila kipande katikati ili kitoe ncha mbili, utakata vipande vinne vya sentimita 150, viwili kwa kila rangi. Jumla ni mita 6. Nilipotaka kusuka kamba ya kuvalia kitambulisho shingoni, nilikata nyuzi mara mbili ya urefu badala ya mara tatu, nikiwaza kwamba kamba nyembamba haili uzi mwingi. Ilikwisha ikinifika kidevuni. Sasa ni kamba ya funguo.

Kongo gumi

Msuko wenyewe unaitwa kongo gumi. Wala hauhusiani na Kinshasa wala na Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, ingawa uzi unaweza kuupata hapo jirani. Kongo ni neno la Wabudha wa Japani kwa kitu kigumu kisichovunjika, kama almasi. Na kamba yake kweli ni ngumu: ya mviringo, imeshiba, haifumuki. Kwa nyuzi za milimita 2 inatoka na unene wa karibu milimita 6.

1. Panga vipande vyako vinne pamoja, tafuta katikati, na uvifunge hapo kwa kipande cha uzi wa kushonea, fundo mara mbili. Sasa una ncha nane zinazotoka kwenye fundo moja.

2. Pitisha fundo tunduni, litokeze chini ya sahani. Lishikize kufuli. Ndiyo, kufuli la kawaida, lile dogo la sanduku la shule, lifungwe kwenye ule uzi wa kushonea. Huo ndio uzito wako. Kama huna, mfuko mdogo wenye sarafu unatosha.

3. Weka nyuzi kwenye mikato. Nyekundu mbili juu, kwenye 32 na 1. Nyekundu mbili chini, kwenye 16 na 17. Nyeupe mbili kulia, kwenye 8 na 9. Nyeupe mbili kushoto, kwenye 24 na 25. Vuta kidogo kila mmoja ili fundo likae katikati kabisa ya tundu.

4. Mikia ya nyuzi itakuwa mirefu, na itasokotana kabla hujafika popote. Zungushia kila mkia kwenye kipande cha kadi chenye mkato kila upande, uache sentimita 15 tu zikining'inia. Hizo ndizo bobini zako.

5. Shika sahani kwa mkono wa kushoto, ilale kama sinia la chai, si wima kama usukani. Chukua uzi wa juu ulio kulia, yaani wa mkato wa 1. Utoe, uushushe kupita juu ya sahani hadi chini, uuweke upande wa kulia wa nyuzi mbili zilizopo. Utaingia mkato wa 15. Hapa chini pana nyuzi tatu, juu pamebaki mmoja.

6. Chukua uzi wa chini ulio kushoto, wa mkato wa 17. Upandishe hadi juu, uuweke kushoto kwa ule mmoja uliobaki. Utaingia mkato wa 31. Sasa pande zote zina nyuzi mbili mbili tena.

7. Geuza sahani robo, kinyume cha mwendo wa saa, ili nyuzi nyeupe zilizokuwa kulia ziwe juu. Rudia hatua ya 5 na ya 6 kwa hizo nyeupe: wa juu kulia unashuka, wa chini kushoto unapanda. Geuza tena robo, upande ule ule.

Basi. Hakuna kingine. Kuanzia mzunguko wa pili sahau namba, maana nyuzi zinasogea mkato mmoja kila mara na namba hazitalingana tena na zile nilizozitaja. Angalia jozi tu. Mimi huimba kimoyomoyo: *kulia shuka, kushoto panda, geuza.* Ukimsikia mtoto wa jirani anaimba hivyo naye, ujue umesuka sana barazani.

Sentimita ya kwanza itaonekana kama fujo. Usifumue. Mstari wa rangi huanza kujionyesha baada ya mizunguko michache, ukipanda kuzunguka kamba kama ngazi za mnara.

Mkono mwepesi

Hapa ndipo nilipokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uzi unapoufikisha kwenye mkato mpya, usiuvute ukakaza fundo. Ufikishe ukiwa umenyooka, ubonyeze mkatoni, achia. Kufuli litashusha kamba lenyewe, na mpira utashika kila uzi kwa nguvu ile ile. Mkono wako hauwezi kuvuta kwa nguvu sawa mara mia tatu. Asubuhi una nguvu, saa nne usiku umechoka, katikati umekasirishwa na simu. Kamba itaandika hayo yote.

Jicho lako lisiwe kwenye uzi unaouhamisha, liwe kwenye tundu. Pale nyuzi zinapokutana panapaswa kukaa katikati ya tundu, sawa na uso wa sahani au chini yake kidogo. Panapopanda juu, kuna kitu kinavuta kuelekea kwako: ama mikono, ama uzito ni mdogo. Panapozama sana na kamba ikaanza kuwa ndefu na laini kama imelala njaa, uzito umezidi. Watu wengi hudhani uzito mkubwa ndio unaokaza kamba. Ni kinyume chake: ukiuongeza, kamba inashuka haraka na kulegea, ukiupunguza, inakuwa fupi na ngumu. Panapoenda upande mmoja, nyuzi za upande huo zimebanwa kuliko wenzao. Pitia zote nane kwa kidole, kaza iliyolegea.

Ukiitwa, usiache kazi ikiwa mbili mbili pande zote. Ukirudi hutajua zamu ilikuwa ya nani, na ukianzia jozi isiyo yake kamba itabaki na kovu hapo. Acha baada ya hatua ya 5, tatu chini na mmoja juu. Ukirudi, zile tatu zinakuonyesha mahali: geuza sahani hadi ziwe chini, pandisha wa kushoto, endelea. Hili nililijua baada ya kuharibu kamba mbili, na sijui kwa nini watu hawaliandiki mwanzoni kabisa.

Na kosa likitokea? Dalili yake ni rangi kujitokeza mahali pasipo pake, au mstari kukatika. Fumua. Kufumua ni kwenda kinyumenyume: geuza robo kwa mwendo wa saa, uzi wa juu kushoto urudi chini kushoto, kisha wa chini kulia urudi juu kulia. Geuza, rudia, hadi upite kosa. Mara ya kwanza utafumua polepole ukitoa jasho. Lakini nakushauri ufumue makusudi sentimita 2 za kamba yako ya kwanza hata kama haina kosa. Ukiweza kurudi nyuma bila kupotea, mbele haitakusumbua.

Mikato ya ndala huanza kupanuka baada ya kamba nyingi. Uzi ukianza kuteleza, tupa sahani hiyo. Ndala huja mbili.

Kumalizia

Zikibaki sentimita 10 za nyuzi, acha. Usitoe nyuzi kwenye sahani ndipo ufunge. Utaona kamba ikifunguka mbele ya macho yako. Kwanza, ingiza uzi wa kushonea chini ya sahani, uzungushe kwenye kamba karibu na tundu mara saba au nane, ukikaza kila mzunguko, kisha funga. Sasa ndipo utoe nyuzi moja moja. Fanya hivyo hivyo upande ulikoanzia.

Ncha za satini za poliesta zinaweza kuunguzwa kwa kiberiti cha gesi: karibisha moto, usiguse, subiri ziyeyuke kidogo na kushikana. Usizibonyeze kwa kidole zikiwa za moto. Pamba na uzi wa nywele usiunguze, tia tone la gundi. Zile kofia ndogo za chuma za kufunika ncha, wanaotengeneza shanga wanazo. Chagua zenye tundu pana kuliko unene wa kamba kwa milimita moja tu, na tumia gundi ya kuchanganya mirija miwili. Gundi ile ya kukauka mara moja inakakamaa, na siku mbili baadaye kofia inabaki mkononi mwa mtu uliyempa zawadi. Aibu hiyo naijua.

Bila kofia inawezekana pia. Acha nyuzi za mwisho ziwe kishada, zichane kwa sindano. Kwa kamba ya funguo, kishada kinapendeza kuliko chuma.

Rangi

Kwa mpangilio tuliotumia, rangi moja juu na chini, nyingine kulia na kushoto, unapata mistari inayojizungusha. Sasa tumia nyuzi zile zile, badilisha viti tu: kwenye kila jozi, nyekundu ikae upande mmoja wa nukta na nyeupe upande wa pili, na iwe hivyo pande zote nne ukizigeuza kuja juu. Yaani nyekundu kwenye 1, 9, 17 na 25. Nyeupe kwenye 32, 8, 16 na 24. Mikono inafanya yale yale, lakini rangi sasa zinapokezana: mzunguko mmoja zinahama nyekundu zote nne, unaofuata nyeupe zote nne. Kamba inatoka tofauti kabisa, utadhani ni fundi mwingine.

Ukishapata hayo mawili, weka uzi mmoja wa njano kati ya saba za bluu, uone unavyotembea. Kisha chora duara kwenye daftari, weka rangi kwenye viti nane, na bandika kipande cha kamba pembeni. Daftari langu lina kurasa thelathini na kitu za namna hiyo, na kila mpangilio ninaoukumbuka nimeukumbuka kwa sababu ya kile kipande kilichobandikwa, si kwa mchoro.

Ukitaka marudai

Baada ya kamba kumi hivi (hapo ndipo kumi inapoingia) utatamani kitu kisichokulazimisha kubonyeza uzi mkatoni kila mara. Marudai haina mikato. Nyuzi zinalala juu ya mbao laini na tama zinavuta zenyewe, ndiyo maana mkono unaweza kwenda kasi.

Mwambie seremala akukatie duara la mbao la upana wa sentimita 25, tundu la sentimita 4 katikati, kingo zote mbili zimeviringishwa, za nje na za tunduni. Msasa upite mpaka kitenge hakinasi ukikiburuta juu yake. Wajapani huita kichwa hicho kagami, maana yake kioo, na ukishakipiga msasa vizuri utaelewa kwa nini. Badala ya miguu, kiweke juu ya ndoo ya lita 20 isiyo na kifuniko, kifungwe pembeni kwa mpira wa tairi la baiskeli kisitembee. Kamba itashuka ndani ya ndoo.

Tama ni chupa ndogo za plastiki za dawa, zote za aina moja. Zijaze mchanga mkavu na uzipime kwa mizani ya duka; mwenye duka atakushangaa, mnunulie kitu. Za Kijapani mara nyingi ni kati ya gramu 70 na 100. Uzito kamili si hoja kubwa kama ulingano: zote ziwe sawa. Uzito wa kuning'iniza chini ya kamba uwe karibu nusu ya tama zote zikijumlishwa. Chupa nne za gramu 70 ni gramu 280, kwa hiyo chini weka 140. Chupa nane ni 560, weka 280. Hapo kufuli la sanduku halitoshi, ongeza la mlangoni.

Anza na nne tu, msuko uitwao maru yotsu. Tama moja juu, moja chini, moja kulia, moja kushoto. Shika ya juu kwa mkono wa kulia na ya chini kwa mkono wa kushoto, uzibadilishane viti kwa pamoja, kwa mwendo wa saa: ya juu ishuke ikipitia kulia, ya chini ipande ikipitia kushoto. Kisha ya kulia na ya kushoto zibadilishane kinyume cha saa: ya kulia ipitie juu, ya kushoto ipitie chini. Mara moja kwa saa, mara moja kinyume. Mikono miwili ikiondoka na kufika pamoja utasikia chupa zinagonga ndoo kwa mpigo mmoja, tok, tok. Zikigonga mara mbili mbili, mkono mmoja unamsubiri mwenzake na nyuzi hazivutwi sawa.

Uzi usifunguke wenyewe kwenye chupa: uzungushe ukiubana, kisha mzunguko wa mwisho usokote uwe kitanzi na ukivishe shingoni mwa chupa. Uzito utakikaza. Ukitaka urefu zaidi, inua chupa, ilaze, izungushe. Uzi unatoka kwa zamu bila kitanzi kufunguka. Chupa zote zining'inie kimo kimoja, chini ya ukingo wa mbao kwa upana wa kiganja.

Na kufuli likigusa sakafu ya ndoo kamba itaanza kulegea bila wewe kujua. Lifungue, lipandishe kwa uzi mwingine karibu na tundu, endelea.